Jina la mahali pako: uanze kwa mzee, kwa ramani au kwa sarufi?

Ukiuliza jina la Msasani, pale Dar es Salaam, limetoka wapi, wapo watakaokusimulia habari za mtu aliyeitwa Musa Hassani, mwenyeji wa zamani, ambaye jina lake lilitamkwa harakaharaka mpaka likawa Msasani. Hadithi nyepesi kukumbuka, tena ina mtu ndani yake, ndiyo maana inaishi. Lakini aliyewahi kumwona seremala wa zamani akisugua ubao kwa jani la msasa, lile jani kavu linalokwaruza kama ulimi wa paka, ambalo ndilo limeipa karatasi ya dukani jina lake, lazima atasita. Msasa ni mti. Ukiutia ile -ni ya mahali unapata Msasani, sawa na Mikocheni iliyo jirani yake, iliyotokana na mikoche. Hapo hatumhitaji Musa wala Hassani.

Basi hadithi itupwe? Si haraka hivyo. Swali lenyewe ni la njia: ukitaka kulijua jina la mahali, uanzie wapi? Kwa wazee, kwa maandishi na ramani za zamani, au kwa lugha yenyewe? Wanaoisomea elimu hii vyuoni, wakiiita toponimia, huzitumia zote tatu. Lakini mwanafunzi mwenye miezi miwili, kamati ya mtaa yenye wiki moja, na mtembeza wageni asiyetaka kuwadanganya watu, hawawezi kuzifuata zote kwa uzito ule ule. Hao ndio ninaowaandikia. Na nitangulize ninakoelekea: ukiwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu, nenda kwa mzee. Ukiwa na nafasi ya mawili, alilokwambia mzee lipime kwa lugha. Karatasi zinaweza kusubiri, ingawa yapo majina ambayo bila karatasi hutoboi.

Kumuuliza mzee

Mwaka 2022, wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi iliyotangulia sensa ya Agosti, kila njia Tanzania ilitakiwa ipate jina na kibao. Mtaani kwetu tulikaa kikao, watu kumi na kitu chini ya turubai, tuzipe majina njia ambazo siku zote tulikuwa tukielekezana kwa "ukifika kwa muuza mkaa kata kushoto". Mapendekezo yakawa yale yale: Amani, Umoja, Mshikamano. Njia moja tu ilikuwa na jina lililotoka pale pale, Mkuyuni, kwa sababu vijana walikuwa wamelisikia nyumbani kwao.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi pembeni juu ya ndoo akasema, "Si Mkuyuni, wajukuu zangu. Mikuyuni. Ilikuwa miwili."

Mwenyekiti akamjibu kwa adabu, "Bibi, lakini mikuyu yenyewe haipo tena."

Akainuka. Tukamfuata hatua kama mia hivi, mpaka nyuma ya choo cha jirani, akatuonyesha kisiki kilichozama ardhini, kimebaki kama kigoda. Cha pili, akasema, kimo chini ya msingi wa nyumba ile ya bati jekundu. Akatuonyesha na kisima kilipokuwa, na upande ambao wanawake walikuwa wakitua ndoo zao kivulini wakisubiri zamu.

Tofauti ya Mkuyuni na Mikuyuni ni irabu moja. Lugha haiwezi kukuamulia, kwa kuwa yote mawili ni Kiswahili safi. Ramani haikusaidii, kwa kuwa hakuna mpimaji aliyewahi kukiandika kichochoro kile. Aliyekuwa nalo ni yule bibi peke yake, na lau kikao kingefanyika miaka mitano baadaye tungekipa kibao jina la mti mmoja, na hakuna mtu duniani ambaye angejua kuwa tumekosea.

Hapo ndipo mzee anapoishinda njia nyingine yoyote: matamshi, mahali hasa, na majina madogo. Visima, vivuko, vichaka, mawe ya kuanikia, makaburi ya ukoo. Nenda kwa wavuvi uwaulize majina ya miamba na vilindi wanakotega. Utapewa orodha ya majina ya chini ya bahari ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote, na kila moja lina kipimo chake cha kuliona, kama vile mnazi fulani ukilingana na mnara wa msikiti fulani.

Ila mzee ana upande anaoyumba, nao ni maana. Juu ya matamshi na mahali yeye ni shahidi. Juu ya maana, mara nyingi yeye ni msimuliaji kama wewe na mimi. Tena adabu yetu yenyewe inachangia kosa. Mgeni katoka mbali, kaja na kilo ya sukari, kauliza jina lina maana gani. Mzee gani atamwachia swali likining'inia? Atampa kitu. Kwa hiyo usianze na "maana yake nini?" Anza na "mnapaitaje?", kisha "panaishia wapi?", "zamani palikuwa na nini?", "wapo wanaopaita vingine?" Ya maana yaje mwisho, kama yatakuja.

Na uwaulize mmoja mmoja. Kwenye baraza mwenye umri mkubwa akishasema, wengine huitikia. Wanawake wanayajua majina ya maji na kuni ambayo waume zao hawayajui kabisa, nami nimeshaona mzee akishangazwa na mke aliyeishi naye miaka arobaini kwa jina la korongo lililo nyuma ya shamba lao.

Hadithi zikigongana, usikasirike wala usichague upesi. Dodoma ina mbili zinazojulikana sana. Moja inasema tembo alikwenda kunywa maji akazama kwenye tope. Nyingine inasema watu waliiba ng'ombe, wakawala, kisha wakaichomeka mikia kwenye tope na kuwaambia wenye mali kuwa mifugo yao imedidimia. Tembo na ng'ombe wanapishana, wezi wanaingia na kutoka, lakini kitenzi hakibadiliki: idodomya, kwa Kigogo, kuzama. Hicho kisichobadilika ndicho cha kuandika kwanza kwenye daftari.

Nyaraka na ramani za zamani

Pwani yetu ina bahati. Iliandikwa kwa Kiarabu tangu karne ya 9, kwa Kireno tangu Vasco da Gama alipofika 1498, halafu kwa Kijerumani na Kiingereza. Kwa mji mkubwa wa pwani maandishi hukupa kitu ambacho mzee na sarufi haviwezi kukupa, nacho ni tarehe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na akayaandika majina yote mawili. Basi atakayekuja na hadithi inayolihusisha jina la Mombasa na mtu wa karne ya 19, huna haja ya kubishana naye.

Lakini kila mwandishi alisikia kwa sikio la kwao, na hapa wengi hujikwaa. Ibn Battuta ameandika Manbasa, kwa herufi za Kiarabu nuni na be. Aliyepita chuo cha Qur'ani atakumbuka hukumu ya iqlabu: nuni ikikutana na be husomwa kama mimu. Kwa hiyo Manbasa ya kwenye karatasi ni Mambasa mdomoni, hatua moja tu kutoka jina tulilo nalo leo, na anayedai kuwa zamani mji uliitwa "Manbasa" kwa N amesoma herufi bila kuzisikia. Wareno wakaandika Quiloa na Melinde. Wajerumani wakaandika Kilimandscharo, ambapo zile herufi nne, dsch, ni J yetu moja tu. Kabla hujalinganisha jina la kwenye ramani na jina la leo, livue kwanza nguo za mwandishi.

Karatasi zina nguvu ya pekee kwenye majina yaliyowekwa na watawala kisha yakaondoka. Wilhelmstal ndiyo Lushoto. Bismarckburg ni Kasanga. Fort Hall ni Murang'a, Port Florence ni Kisumu, Stanleyville ni Kisangani. Wazee wengi hawatakwambia haya kwa sababu wao hawakuyatumia. Jina la kwao liliendelea kuishi chini kwa chini wakati la serikali likipigwa mihuri.

Na yapo majina ambayo bila kumbukumbu za maandishi ungeyachimba kwa lugha mpaka uchoke. Kariakoo ndiyo mfano wangu wa kila siku. Ukilikata kwa Kiswahili hupati kitu. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na eneo lile likawa kambi ya wapagazi hao, watu waliobeba risasi na unga kichwani na kufa kwa maelfu kwa homa na kuhara kuliko kwa risasi. Neno "corps" kwa Kiingereza halitamkwi P wala S, ndiyo sababu mwisho wake umekuwa -koo. Nairobi nako kuna mtaa wa asili ile ile, ila wenyewe wameubakiza Kariokor. Kila nikipita sokoni Kariakoo nakumbuka kuwa jina lile ni karibu kaburi pekee walilopata wengi wao. Nisingejua kama si kumbukumbu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba aliyeandika alikuwa mgeni, na mara nyingi hata mkalimani wake alikuwa mgeni. Nai'posha ya Wamaasai, yaani maji yanayochafuka, ikawa Naivasha kwenye karatasi. Ramani ikachapishwa, kibao kikachongwa, na vizazi vilivyofuata vikajifunza jina kutoka kwenye kibao. Eldoret kabla ya kuwa Eldoret ilikuwa shamba namba 64 katika orodha ya walowezi, na wenyeji Wakalenjin wakaigeuza sitini na nne hiyo ya Kiingereza kuwa Sisibo. Karatasi ina tarakimu. Mdomo una jina.

Kuhusu gharama: jiandae kwa barua ya utambulisho, siku nyingi za kukaa, na macho. Nyaraka za Taifa ziko Upanga kwa Dar es Salaam, Kilimani kwa Unguja, na katikati ya jiji kwa Nairobi. Vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza huko Tanganyika vina kurasa za mila na historia za kata kwa kata, japo utaona ofisa mmoja alikuwa na hamu na mwenzake hakuwa nayo kabisa. Kitu rahisi kuliko vyote ni ramani za uwiano wa 1:50,000, ambazo idara za upimaji za Tanzania na Kenya zimezitoa. Nunua karatasi ya eneo lako tu. Ikunjue mbele ya wazee, na utashangaa watakavyoanza kuisahihisha.

Kulipima jina kwa lugha yenyewe

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, nakiri, na ndiyo inayodharauliwa kwa kuwa haihitaji nauli. Inahitaji kamusi, kalamu na masikio.

Chukua Mwananyamala. Hadithi inayosimuliwa ni ya mama akimnyamazisha mtoto: mwana, nyamala. Anayejua Kiswahili cha leo atasema, "Sisi tunasema nyamaa, L imetoka wapi?" Swali zuri, na jibu lake lina faida kuliko hadithi. Kiswahili kimeidondosha L iliyokuwa kati ya irabu katika maneno mengi. Njala imekuwa njaa. Mvula imekuwa mvua. Kufungula imekuwa kufungua, na ile L haikufa, imejificha. Ndiyo inayorudi ukisema mlango umefunguliwa, na ndiyo inayorudi kwenye vaa ukimwambia mtu ameivalia njuga kazi yake. Lugha jirani za Mrima, yaani pwani ya bara, Kizaramo kikiwemo, zimebaki na L yao. Kwa hiyo Mwananyamala inasimama: maneno ya hadithi ni maneno ya watu waliokuwa wakiishi pale. Mama alikuwa nani na mtoto alilia nini, lugha haisemi na wala si kazi yake.

Sasa geuza upande wa pili. Mvita, jina la wenyewe la kisiwa cha Mombasa, hufasiriwa kuwa "mahali pa vita", na kwa historia ya mji ule, ambao Wareno peke yao waliuchoma zaidi ya mara moja, fasiri hiyo inamvutia kila mtu. Lakini jaribu kuunda wewe mwenyewe jina la mahali kutokana na vita. Utasema Vitani. Hakuna Mswahili atakayetia m- mbele ya vita ili apate mahali. Wakati huo huo masimulizi ya Mombasa yenyewe yanamtaja Shehe Mvita, aliyeanzisha ukoo wa watawala baada ya Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea (Mombasa ya kale), na tenzi na mashairi ya kale, ya Muyaka, mshairi wa Mombasa, yakiwemo, yanaukumbuka mji kwa jina la Gongwa pia. Mimi naona jina la mtu lina haki zaidi hapa kuliko vita. Angalia hapo: kwenye Msasani sarufi ilimwondoa mtu, na kwenye Mvita inamrudisha. Haina upande.

Lugha pia hukuonyesha nani alikuwa akikaa mahali, hata kama ameshahama. Mji wa Kale wa Mombasa una njia iitwayo Ndia Kuu. Bara na Unguja tungesema njia. Kimvita ni ndia. Aliyeweka "Road" baada yake kwenye kibao amesema njia mara mbili, si neno. Lakini siku mtu akijifanya kuisahihisha iwe Njia Kuu, atakuwa amefuta lahaja nzima kwa herufi moja.

Hatari yake? Kulifasiri kwa lugha yako jina ambalo si la lugha yako. Nairobi ni ya Kimaasai, Enkare Nairobi, maji ya baridi, na ilikuwa hivyo kabla reli haijafika 1899. Nakuru, Naivasha na Nyahururu nazo zimetoka katika Kimaasai. Yapange majina hayo kwenye ramani na utaona malisho ya Wamaasai kabla ya mikataba ya 1904 na 1911 iliyowaondoa huko. Mtu akiyachukua majina hayo na kuyatafutia maana kwa Kiswahili au kwa Kikuyu, hajakosea neno tu, amewafuta watu. Kwa hiyo masharti ni haya: kama huijui lugha ya wenyeji, na huna mwenyeji wa kukaa naye, njia ya tatu haikuhusu. Rudi ya kwanza.

Majina matatu mezani

Unguja kwanza, maana njia hizi zinapendezana hapo kuliko popote ninapopajua. Hadithi inasema ungu jaa, chungu kimejaa, kwa sababu ya neema ya kisiwa. Maandishi yanasema kitu kingine: waandishi wa Kiarabu, al-Jahiz katika karne ya 9 na Yaqut katika ya 13, wameliandika jina kwa herufi lamu mwanzoni, kitu kama Lunguja, kwa jimu pale ambapo Kiarabu hakina G. Ile L inakivunja chungu. Sarufi ndiyo inayoieleza: ngeli yetu ya U- zamani ilikuwa lu-, kama Waganda wanavyosema mpaka leo olulimi pale tunaposema ulimi. Lunguja imekuwa Unguja kwa njia ile ile. Na ushahidi umelala barabarani kusini mwa kisiwa, kwenye Unguja Ukuu. Leo tunasema ukuta mkubwa, uzi mrefu, kwa m-. Ukuu inabeba upatanisho wa zamani, u- kwa u-, ambao Kiswahili cha leo kimeuacha. Kijiji kizima kinalitamka kila siku wakipanda gari. Kwa jina hili anza na maandishi, malizia na sarufi. Mzee akupe matamshi tu.

Bagamoyo ni kinyume. Wengi wanakubaliana kuwa ni bwaga moyo. Ugomvi ni nani aliyeubwaga: mtumwa aliyekata tamaa kabla ya kuvushwa, au mpagazi aliyefika pwani akautua mzigo na roho ikatulia? Sarufi inakubali wote wawili. Wazee watakupa aliyesimuliwa zaidi kwa wageni, na kwa miaka mingi huyo amekuwa mtumwa. Kinachosaidia ni kumbukumbu za biashara. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa safari ya misafara ya pembe za ndovu kutoka Unyamwezi, maelfu ya wapagazi wakifika kila msimu, wakati watumwa wengi walisafirishwa kutokea Kilwa Kivinje. Watumwa walipita Bagamoyo pia, na mateso yao si ya kupunguzwa hata chembe. Ila jina la mji hupewa na wanaokuja na kurudi na kulitamka njia nzima, na hao walikuwa wapagazi. Mimi niko upande wao.

Kilimanjaro ni ya kuhadhari nayo. Wachaga wana Kibo na wana Mawenzi, majina ya vilele. Jina la mlima mzima ndilo lenye mjadala. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alipouona mwaka 1848 alikuwa na watu wa pwani, na jina likapita midomoni mwao. Ukilikata kwa Kiswahili unapata kilima, yaani mlima mdogo, na umeshajikwaa: nani aite kidogo kitu kilicho kikubwa kuliko vyote? Wengine hulisoma kwa Kichaga, kilema, kinachoshinda, kwamba kinamshinda msafiri au ndege. Njaro nayo imetafutiwa ung'avu, misafara, na chemchemi za Kimaasai. Kwa jina la namna hii sikushauri mwanafunzi alichague, hata likimvutia. Chagua majina ya migomba, mifereji na vihamba vya kijiji kimoja chini ya mlima huo. Utapata mengi na utayamaliza.

Wewe, basi

Kamati ya mtaa au kijiji: wazee, hakuna mjadala. Siku mbili za kutembea nao kwa miguu, si za kukaa nao kwenye viti. Jina hukumbukwa mahali lilipo. Mtu aliyekwambia barazani kuwa hakumbuki, akifika penye bonde atakutajia matano.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza: wazee na lugha, kata moja, majina sitini hivi. Mkoa mzima utakumaliza na utaishia kunakili mtandaoni. Kibali cha utafiti kishughulikie mapema, kwa tume za sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, maana mtendaji wa kata ana haki ya kukuuliza.

Anayeandika historia ya mji wa pwani lazima akae nyarakani. Hana njia ya kukwepa.

Mtembeza wageni: simulia hadithi, ni mali yetu na wageni wanaipenda. Kisha useme kuwa ni hadithi, na uonyeshe jani la msasa kama unalo. Nimeona wageni wakilipapasa jani lile kwa muda mrefu kuliko walivyolisikiliza jina la Musa Hassani.

Na aliye mbali, Muscat au Toronto, mwenye bibi bado yuko Pemba au Lamu: huna haja ya kusubiri likizo. Piga simu, omba ruhusa ya kurekodi, mwambie akupitishe njia ya kwenda shamba alipokuwa msichana, hatua kwa hatua, akitaja jina la kila anapopita. Usimkatize kuuliza maana. Kila jina mwombe alitie kwenye sentensi, "nilitoka wapi, nikapita wapi", kwa sababu jina peke yake mtu hulitamka kwa uangalifu kama anasoma kibao, na ndani ya sentensi hulitamka kama alivyolelewa nalo. Anayekwambia taratibu kuwa anatoka Lamu, kwenye mazungumzo yakishakolea atasema yeye ni wa Amu. Andika Amu.